Ubeti wa Tatu, Idi Pili

Kwa mara ya nne tangu asubuhi, Bi Nargisi alipanda jukwaani, akarekebisha ushungi wake, akawaambia watu kwamba leo ni Idi na asiyetaka kucheka arudi kwao akalale. Ukumbi mzima ukacheka. Kibibi hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya safu za viti, na mwanamke mwenye sahani ya bisi akapita ndani yake kama vile hapakuwa na mtu. Na kweli hapakuwa na mtu. Ukumbi wa Tulizo ulikwishabomolewa, Bi Nargisi alikuwa kaburini mwaka wa kumi na moja, na mwili wa Kibibi ulikuwa umelala chali katika chumba namba mbili cha Nyumba ya Hadhara, pale Tanga, umevalishwa kofia ya nyaya na kufunikwa shuka hadi kifuani.

"Dada Kibibi." Sauti ya Shekiondo, fundi wa mitambo, ilishuka kutoka darini. "Mizani bado inacheza. Ni ubeti wa tatu ule ule. Mia mbili na kumi na mmoja wanakwenda huku, watatu wanakwenda kule. Wape wengi, ufunge, tukale."

"Subiri."

"Nimesubiri tangu saa mbili. Wali unapoa."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu waliohudhuria onyesho walikuja Nyumba ya Hadhara, wakavaa kofia, na kila mmoja akatolewa kumbukumbu yake ya siku ile. Waliitwa mashahidi, na kumbukumbu ya kila mmoja iliitwa uzi. Mtambo ulizisuka nyuzi zote zikawa onyesho moja zima, lenye joto lake, jasho lake na harufu yake ya udi, ambalo mtu yeyote angeweza kuingia na kukaa kitini kana kwamba alikuwepo. Palipotokea ubishi, msawazishaji aliingia mwenyewe ndani akaamua. Kisha onyesho lililokamilika lilirudishwa vichwani mwa mashahidi wote, likakaa mahali pa kumbukumbu zao za zamani, kwa kuwa kichwa kimoja hakiwezi kubeba Idi pili mbili bila kuugua.

Na msawazishaji akishaingia, hatoki mpaka mizani inayopima nyuzi itulie naye atamke kwa kinywa chake kwamba imekaa. Hilo halikuwa suala la ukali wa wakubwa. Msawazishaji wa kwanza kabisa, bwana mmoja mpole, wenzake walimchomoa katikati ya kazi kwa sababu umeme ulikuwa unayumba. Mpaka leo anakumbuka harusi mbili ambazo hakuwahi kufunga, na anamlilia mama ambaye si wake.

Kibibi alikuwa amesawazisha maonyesho thelathini na moja na hakuna hata moja lililomshika zaidi ya saa mbili. Hili alilitaka mwenyewe. Aliliomba, akalipigania, na kwenye fomu, pale palipoandikwa "Je, ulikuwepo kwenye onyesho hili?", akajaza hapana.

Alikuwepo. Alikuwa amekaa safu ya tano, kiti cha tatu, amevaa sare ya rangi ya zambarau.

*

Wapenzi wa taarabu wanajua kwamba mtu haendi tu jukwaani kumtunza mwimbaji kwa noti wakati wowote anapojisikia. Unachagua ubeti. Na pale Tulizo kulikuwa na desturi moja zaidi: kabla ya kwenda jukwaani, ukiwa umeinua noti yako juu, unamzunguka mtu mmoja ukumbini, kiti chake, mara moja tu. Ubeti ule unakuwa wake. Ukiwa wa sifa, umemvisha taji mbele ya watu. Ukiwa wa kijembe, umemvua nguo. Na ukishainuka na noti umeinuka, hakuna kukaa tena. Mwanamke aliyewahi kuinuka akarudi kitini alichekwa mpaka akahama mtaa.

Siku ile Kibibi aliinuka kwa ajili ya Mwantumu, shoga yake wa tangu chekechea, aliyemshonea ile sare na kukataa hata shukrani. Mwantumu alikuwa ametoka kuachika, na midomo ya watu ilikuwa imeanza kumhusisha na Athumani, mume wa Kibibi. Kibibi alitaka kuinyamazisha mbele ya ukumbi mzima. Wimbo aliujua nje ndani kwa sababu alikuwa na kanda yake ya studio, na aliisikiliza mwezi mzima akipanga hatua zake. Kinanda kikimaliza kiitikio, hesabu nane, inuka, geuka, na ubeti wa tatu utakukuta mbele ya kiti cha Mwantumu:

*Shoga yangu wa hiari, sikukupata kwa damu,*
*Umenifichia siri, ukaniondoa ghamu.*

Ndivyo alivyofanya, na ndivyo alivyokumbuka. Lakini usiku ule ule mji mzima ulisema Kibibi kamzunguka Mwantumu kwa ubeti wa nne, ule wa mwizi wa waume, na kwa watu jambo likawa limethibitika. Mwantumu hakungoja hata Idi tatu. Alifunga cherehani yake kwenye gunia akahamia Tunduru. Kibibi alimpigia simu, simu haikupokelewa. Bi Nargisi alipofariki na kanda ya lile onyesho la Tulizo ikatolewa, Kibibi aliisikiliza akaruka kwa furaha: beti zilikuwa zimefuatana vilevile, wa tatu ni wa sifa, wa nne ni wa kijembe. Akamtumia Mwantumu. "Sikiliza mwenyewe uone ulivyosikia vibaya." Alimtumia mara tatu kwa miaka mitatu na hakujibiwa hata nukta.

Athumani mwenyewe, baada ya yote hayo, alikwenda kuishi na mwanamke wa Muheza ambaye taarabu haipendi hata kidogo.

Kwa hiyo Kibibi alipoliomba onyesho hili alikuwa na nia moja tu, kuutoa ukweli hadharani. Na ukweli ulikuwa upande wake kwa watu mia mbili na kumi na mmoja. Angeweza kutamka neno moja na kutoka. Kilichomshika ni wale watatu.

"Nipe watatu hao, mmoja mmoja," alimwambia Shekiondo.

"Haya. Wa kwanza ni mzee aliyepoteza kusikia mwaka ule ule. Wa pili ni mpiga fidla, anasema kazi yake mwenyewe haisikilizi kabisa, inamkera. Wa tatu, namba themanini na nane, ni mama mmoja mshonaji. Kwenye fomu kaandika hajausikia wimbo huu tena tangu siku ile, na ukipigwa mahali yeye huondoka."

Kibibi alihisi ubaridi, japo mwili ulikuwa mbali chini ya shuka. Hakuna mtu ndani ya kazi ile asiyejua maana ya maneno hayo. Kumbukumbu haikai kichwani kama picha ukutani. Kila ukiikumbuka unaipika upya, na unaipika kwa viungo vya leo. Mtu akisikiliza kanda mara mia, kumbukumbu yake ya onyesho huanza kufuata kanda bila yeye kujua, mpaka anaapa alisikia kilichokuwa kwenye spika za simu yake. Mia mbili na kumi na mmoja walikuwa wapenzi wa kweli wa Bi Nargisi. Walikuwa wameisikiliza ile kanda miaka kumi na moja.

Na yeye Kibibi aliisikiliza kuliko wote.

"Niingize themanini na nane," alisema.

*

Aliingia, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mgongo wake mwenyewe.

Alikuwa amekaa safu ya sita, kwenye mwili mwembamba usiokuwa wake, na vidole vyake vilikuwa na sugu ya sindano. Mbele yake Kibibi wa siku ile, mnene kidogo, mwenye furaha, alikuwa akitikisa mabega. Pindo la sare yake lilikuwa limefumuka upande wa nyuma. Mwantumu alikuwa ameliona. Alikuwa amechomoa pini kwenye kanga yake na kuinama kidogo ili alishike kabla watu hawajaliona, na moyoni mwake, ambako Kibibi sasa alikuwa kama amekaa ndani ya chumba cha mtu, hakukuwa na wivu wala hila yoyote. Kulikuwa na haya tu ya fundi aliyeshona pindo likafumuka.

Jukwaani Bi Nargisi alikohoa. Alikohoa vibaya, akageuka, akajifuta na leso. Fidla ikazunguka mara moja zaidi kumngojea. Na aliporudi kwenye kipaza sauti, yule mgonjwa ambaye siku arubaini baadaye angekufa aliokota ubeti uliokuwa karibu na ulimi:

*Umelamba chungu changu, ukapangusa mdomo,*
*Wajipitisha kwa wangu, tamaa haina komo.*

Aliruka ubeti, basi. Ni kukohoa tu, hakuna aliyekusudia. Waliotoa kanda ndio baadaye walioupanga upya wimbo ufanane na ule wa studio, kwa heshima ya marehemu.

Kibibi angefarijika kama yangeishia hapo. Lakini Mwantumu alikuwa ameinua macho kutoka kwenye pindo, pini mkononi, na mbele yake alikuwa amesimama shoga yake na noti juu, akitabasamu. Neno la kwanza la ubeti lilipotoka, lile tabasamu likazimika. Mguu wa kushoto wa Kibibi ukasimama. Kwa muda wa nusu pumzi nyuso mbili zikatazamana, na zote mbili zilijua.

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mtu akapiga kelele, "Mpe yake!" Macho yote ya mji yalikuwa juu ya noti ile. Na Kibibi akatabasamu tena. Tabasamu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Akamzunguka.

"Hapana," alisema Kibibi, ndani ya mwili wa Mwantumu. "Hapana, hapana, si hivyo."

Lakini mguu wake mwenyewe, ule uliolala chumba namba mbili, ulikuwa umestuka. Mguu haukuwa umesikiliza kanda. Mguu ulikumbuka.

*

"Nitoe, Shekiondo."

"Siwezi, dada, unajua siwezi. Mizani."

Alikimbilia mlango wa ukumbi. Ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya kijani, na nyuma yake hapakuwa na barabara kwa kuwa hakuna shahidi aliyetoka mapema. Palikuwa na weupe tu, wenye kusukuma. Alisukuma kwa bega, na weupe ukamrudisha kwenye safu ya tano. Bi Nargisi akapanda jukwaani, akarekebisha ushungi, akasema leo ni Idi. Mara ya tano. Mwanamke wa bisi akapita. Kibibi alikaa chini sakafuni, akaziba masikio, na haikusaidia kitu maana hayakuwa masikio.

Mara ya sita alibaki pale pale sakafuni, na mara ya saba pia. Kila mara alimwona Kibibi yule akiinuka kwa hesabu ya nane, na kila mara alimwambia, kaa, kaa chini mama, wacha wakucheke. Naye yule alizunguka tu, tena na tena.

"Presha yako inapanda," Shekiondo alisema, na sasa utani ulikuwa umemtoka. "Kuna nini humo?"

"Yule mwenye noti. Ni mimi."

Kibibi alisikia kiti cha Shekiondo kikisogea.

"Ulijaza hapana," alisema Shekiondo.

"Nilijaza hapana."

"Basi sikiliza. Mimi sijasikia kitu. Wape wengi. Ubeti wa tatu unakaa wa sifa, wewe unaonekana mtu mwema, na wale watatu wanapewa ule ule kama wenzao. Yule mama atatoka humu akikupenda. Nani ameumia?"

Hapo ndipo palipokuwa mtego wenyewe, na Kibibi aliuona mzima mzima. Msawazishaji hasawazishwi. Watu wote mia mbili na kumi na wanne wangekumbuka upendo. Mwantumu angempigia simu jioni ile ile akiuliza kwa nini walipotezana. Wangekunywa chai pamoja mpaka uzeeni, na katika dunia nzima angekuwa ni mtu mmoja tu anayejua lile tabasamu la pili, naye ndiye angekuwa anamimina chai.

Ilikuwepo njia nyingine, kwenye kanuni. Aliyetenda akitoa uzi wake mwenyewe dhidi yake mwenyewe, uzi huo huzidi wa watazamaji wote. Lakini hapo angekuwa amekiri pia kuhusu fomu, na kazi ingekwisha. Na kila atakayeingia ndani ya onyesho lile, leo na baada ya miaka mia, angemkuta Kibibi safu ya tano, angeuhisi mguu wake ukisimama, kisha ukiendelea.

"Yule mama yuko wapi?"

"Chumba cha tano. Siku mbili njiani kutoka Tunduru, hataki hata maji."

"Niunganishe naye."

*

"Nani?" Sauti ilikuwa nzito kuliko zamani, lakini ile pumzi ndogo kabla ya neno ilikuwa ni yeye.

"Mwantumu. Ni Kibibi."

Jukwaani Bi Nargisi alikuwa anawaambia watu asiyecheka arudi kwao.

"Wewe ndiye msawazishaji," Mwantumu alisema, bila kuuliza. "Hata huku nimekukuta."

"Umekuja kufanya nini, shoga? Wewe hata wimbo huusikilizi."

"Usiniite shoga. Nimekuja kuitoa kumbukumbu ile. Waliniambia wengi wanakumbuka vingine, na kwamba wakishamaliza na mimi nitakumbuka kama wao. Nikasema alhamdulillahi. Nimechoka nayo, Kibibi. Miaka kumi na moja nikikunja kitambaa naiona, nikilala naiona. Wacha waichukue. Nipe hiyo ya uongo, mimi nitaishi nayo vizuri tu."

Kwa hiyo hata huruma ilikuwa upande ule ule wa kukaa kimya. Kibibi alimtazama Kibibi mwingine akitikisa mabega kwenye safu ya tano, pindo limefumuka, hajui kwamba limefumuka. Kinanda kilikuwa kinamaliza kiitikio. Moja, mbili, tatu. Aliogopa sana. Aliogopa kuliko siku ile, kwa sababu siku ile hakupata hata nafasi ya kuogopa.

"Nilisikia," alisema.

"Ulisikia nini?"

"Ubeti. Niliinuka kwa ajili ya ule wa sifa, wallahi, nilikuwa nimeupanga mwezi mzima. Bi Nargisi akakohoa akauruka. Nikausikia umekuwa ule mwingine nikiwa mbele yako, na mguu ukasimama. Ningeweza kukaa. Ningeweza hata kuidondosha ile noti. Lakini watu walishapiga vigelegele, nikaona aibu kurudi nyuma. Nikaona bora ya kwako kuliko ya kwangu. Nikatabasamu, nikakuzunguka. Kisha nikasikiliza kanda mpaka nikajisahaulisha, nikakutumia na wewe ujisahaulishe."

Kibibi alisikia mtu akilia, kilio kikavu cha mtu aliyekizuia siku nyingi.

"Unajua kilichokuwa kinaniua?" Mwantumu alisema. "Si ule ubeti. Watu wanatupiwa beti kila siku na wanaishi. Ni wewe kuniambia nilisikia vibaya. Mara tatu. Nikaanza kujiuliza kama mimi ni mwendawazimu. Nilikuona uso, Kibibi. Nilikuona uso wako na wewe unanitumia kanda."

"Nisamehe."

"Usinikimbize." Akapenga kamasi. "Hiyo kumbukumbu yangu iache. Usiwape wengi. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi ibaki ilivyokuwa."

"Nikiiacha yako, na yangu inaingia. Watu wote wataiona."

"Na waione," alisema Mwantumu.

Kibibi alimwita Shekiondo, akamwambia afungue uzi wa mtendaji. Shekiondo alimuuliza mara mbili kama ana hakika, kisha akafungua. Kibibi alikwenda safu ya tano, akakaa ndani ya yule mwanamke mnene mwenye furaha, akamwacha ahesabu nane, ainuke na kugeuka. Safari hii alikuwa na mguu wake. Aliusikia ubeti ukianza, akausikia mguu ukisimama, akajisikia mwenyewe akichagua. Hakujitetea wala hakufumba macho. Alizunguka kiti mpaka mwisho.

Mizani ikatulia.

"Imekaa," alisema, na ule mlango wa kijani ukafunguka.

*

Alikuwa bado anatoa nyaya kwenye nywele aliposikia viatu kwenye korido. Mwantumu alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake begani, amekonda, mvi zimeshuka mpaka kwenye nyusi. Walitazamana kama watu wanaotafuta pa kuanzia kushona.

"Sasa nimeiona na ya upande wako," alisema Mwantumu. "Lile la kwanza lilikuwa la kweli. Tabasamu."

"Lilikuwa la kweli."

"Ile pini niliishika mpaka kituo cha mabasi. Nilipofungua mkono ilikuwa imeingia nyamani." Akaangalia kiganja chake, kisha akakishusha. "Sijakusamehe, usije ukafikiri. Narudi kwangu."

"Naelewa."

Mwantumu akageuka, akapiga hatua mbili tatu, akasimama tena bila kugeuza uso.

"Na usinitumie wimbo tena," alisema. "Ukiwa na neno la kuniambia, njoo uniambie."

Viatu vikaishia ngazini. Kibibi aliiweka kofia kitandani, akavua kitambulisho cha kazi na kumwachia Shekiondo mezani, karibu na wali uliopoa. Kisha akashuka mpaka getini, akamuuliza mlinzi mabasi ya Tunduru yanaondoka saa ngapi.